Programu Iliyomsingizia Mama Mumba

Juzi mmoja wenu alinionyesha kwenye simu yake programu ya kufundisha DNA. Ngazi ya uzi wa uhai inazunguka kwa rangi saba, unaigusa inafunguka, unaivuta inakatika, inapiga hata muziki. Nikamwuliza: "Ukiiwasha mara ya kwanza asubuhi, inaanzaje?" Akaniangalia, mimi nyanya yake, kama mtu aliyeulizwa umri wa jiwe. "Kambo, inaanza tu."

Inaanza tu! Mungu wangu. Nilifanya kazi na kompyuta miaka ishirini na kitu hapa Lubumbashi, na kosa kubwa kuliko yote niliyofanya lilikuwa ndani ya maneno hayo mawili. Kwa hiyo nyinyi mnaobonyeza kwanza na kusoma baadaye, wekeni simu chini kidogo. Ninaandika Kiswahili cha vitabu ili na walio mbali wanielewe, lakini watu wangu nitawaacha waseme kama walivyosema: "njo" yao ni "ndiyo", "bongo" yao ni uongo, "ju ya" ni "kwa sababu ya".

Mimi naitwa Kapinga. Wazazi wangu walitoka Kasai, mimi nilizaliwa hapahapa, na kazi niliianza kwa kutoboa kadi katika kituo cha hesabu cha Kampuni ya shaba. Kadi za karatasi ngumu, nyinyi hamzijui. Kila shimo ni alama, kila kadi ni mstari mmoja, na ukiangusha sanduku la kadi elfu moja sakafuni, siku yako imekwisha. Niliangusha mara mbili. Mara ya pili mkuu wangu, mzee Ilunga, hakunikaripia. Alivuta kiti akakaa, akala karanga zake, akanitazama nikiziokota moja moja mpaka ya mwisho. Kisha akasema: "Sasa unazijua."

Mzee Ilunga ndiye aliyenifundisha kuandika programu wakati wanawake wa chumba chetu walitakiwa kutoboa tu na kunyamaza. Alikuwa na amri moja aliyonichosha nayo: "Jaribu mashini ikiwa baridi." Maana yake, ukimaliza kazi yako, usiijaribu wakati mashine imekuwa ikifanya kazi tangu asubuhi. Izime. Ngoja. Iwashe upya, uone inavyoanza mbele ya mtu ambaye hajui kitu. Nilikuwa naitikia "ndiyo, mzee" kama mnavyoniitikia nyinyi.

Basi miaka ikapita, kompyuta zikawa ndogo, na Kampuni ikaipa shule moja ya sekondari mashine yake moja iliyochoka, ya kioo cha kijani kibichi. Mimi nikaazimwa pamoja nayo, mchana mara tatu kwa juma, niwatengenezee wanafunzi wa biolojia somo la kwenye mashine. Somo lenyewe lilikuwa DNA. Sisi tulisema ADN, Kifaransa, na wanafunzi waliikariri kama litania bila kujua ni kitu gani. Mwalimu wao aliichora ubaoni kwa chaki, ngazi iliyopinda, nao wakaichora daftarini ikiwa imepinda zaidi. Ukiwauliza iko wapi, wanasema: "Iko ku ukurasa ya makumi tatu."

Prefe, yaani mkuu wa shule, aliipenda mashine ile kwa namna yake. Aliifunika kitambaa cha mezani chenye maua, akafunga chumba, akaweka ufunguo mfukoni. Nikija ananiuliza, akiniita "raia" kwa Kifaransa kama serikali ilivyotuamuru enzi zile:

"Citoyenne, kuko bageni leo?"

"Hapana, Citoyen Prefe. Kuna wanafunzi."

"Banafunzi batachafua."

Kila siku, mazungumzo hayohayo. Na akinifungulia, sharti: mashine izimwe kila baada ya somo, isichoke. Nilimweleza kwamba mashine haichoki kama punda. Akaniambia kwamba yeye ana diploma.

Halafu akaja bwana mmoja wa vijana wa Chama, kile kimoja kilichotawala nchi, suti ya abakosti imepigwa pasi hadi inakata. Alitaka kila mwanafunzi akijibu vizuri, kioo kiandike sifa za Chama. Kumbukumbu ya mashine ile ilikuwa ndogo, haitoshi hata barua ndefu ya mapenzi. Sifa zake zilinilazimu kufuta kurasa mbili za maelezo kuhusu chembe za damu. Nilizifuta. Ungefanya nini, wewe hodari? Wanafunzi walijifunza haraka kujibu vibaya makusudi ili wasisubiri zile sifa ziishe kupita.

Lakini programu yenyewe, naomba nijisifu kidogo, ilikuwa nzuri. Herufi nne zilianguka kutoka juu ya kioo, A, T, C, G, na mwanafunzi alipaswa kubonyeza mwenzake kabla haijafika chini: A huenda na T, C huenda na G, hakuna ndoa nyingine. Watoto waliocheka ADN ubaoni waligombania viti vya mbele. Baada ya herufi ilikuja sehemu ya pili, ambayo niliiandika kwa miezi minane, kwenye karatasi za miraba kwanza, kisha kwenye mashine, nikihifadhi kila mistari kumi maana kuran, yaani umeme, ilikuwa ikikatika inapotaka. Disketi nilizilaza ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mchele mkavu, zisile unyevu wa masika. Jifunzeni hilo, hata kama hamtalihitaji.

Sehemu ya pili ilihusu ugonjwa wa damu ambao wengi wenu mnaujua nyumbani kwenu: ule ambao chembe nyekundu zinajikunja kama mundu, mtoto analia mifupa, macho yanakuwa ya manjano. Yote hayo kwa herufi moja tu ya DNA iliyobadilika, penye A pakawa T. Kila mtu ana nakala mbili za maandishi hayo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja yenye kosa anaishi mzima, hajui lolote. Mtoto akipata nakala mbili zenye kosa, moja kwa kila mzazi, huyo ndiye anayeugua. Kwenye kioo nilichora baba na mama, wote wazima, kila mmoja ana kisanduku kitupu na kisanduku kilichojaa. Kilichojaa ndicho chenye kosa. Ukibonyeza, mashine inachagua kwa bahati kisanduku kimoja cha baba, kimoja cha mama, na mtoto anazaliwa. Unabonyeza tena, mtoto mwingine.

Darasani mwetu alikuwemo msichana anaitwa Mumba, mwembamba, mwenye ulimi. Alikuwa anaugua ugonjwa huo huo. Baridi ya mwezi wa sita ikiingia, kiti chake kinakuwa kitupu juma zima. Nitawaambia mapema ili msinikatize: aliishi, akapata diploma yake ya taifa, akafanya kazi katika duka la dawa miaka mingi, akafa akiwa mtu mzima kwa ugonjwa uleule, akinicheka hadi mwisho. Alikuwa na haki ya kunicheka.

Siku moja baada ya somo alibaki nyuma.

"Madame, kuko kintu. Kila mara tunawasha mashini, batoto batatu ba kwanza, kosa inatoka tu kwa mama. Kwa baba inatoka safi. Kila mara."

Nami, mwenye miaka yangu yote ya kadi na mashimo, nilimjibu nini? "Mumba, hiyo ni bahati. Hesabu ya bahati ina mambo yake. Nenda nyumbani."

Nilikuwa nimeijaribu programu ile mara mia, lakini siku zote mashine ikiwa imewaka, ikiwa moto, baada ya saa nzima ya kazi. Mumba aliniamini. Hapo ndipo panaponiuma.

Sikujua kilichokuwa kikiendelea nyumbani kwao Bel-Air. Wadogo zake wawili walikuwa wamekufa, na ndugu za baba yake walisema damu haifi bure, ni mama mzaa mama, kule kijijini Lukafu, ndiye anayewala wajukuu kwa uchawi. Walimtaka baba amrudishe mke kwao kabla Mumba naye hajafuata. Baba yake, mtu wa tanuri ya shaba, kifua kama mlango, alikuwa anasitasita. Alimpenda mkewe. Mumba akamwambia: Baba, kuya uone mashini ya ku masomo, utaona hakuna muloji, kosa inatoka kwa baba na kwa mama.

Akaja. Saa tisa mchana, ametoka zamu, amenawa uso lakini vumbi liko masikioni. Prefe alikubali kufungua kwa sababu alimwona ni mgeni. Nikaiwasha mashine. Mumba akasimama nyuma ya kiti cha baba yake, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

Mtoto wa kwanza: kisanduku kitupu cha baba, kilichojaa cha mama.

Mtoto wa pili: kitupu cha baba, kilichojaa cha mama.

"Endelea, Baba Mumba," nikasema.

Mtoto wa tatu: vilevile.

Akainuka.

"Ngoja wa nne," nikasema. "Baba Mumba, ngoja kidogo, ni bahati tu, hata huyo baba wa kwenye kioo ana kosa, angalia hapa..."

"Baba ya mu kioo njo ule. Mi niko muzima." Hakupaza sauti. "Mara tatu, citoyenne. Mara tatu nimefinya na kidole yangu mwenyewe, mara tatu inasema ni mama. Mashini haina ndugu, haina mukwe. Itasema bongo ju ya nini?"

Akatoka. Mumba alinitazama mimi, si baba yake. 

Juma lile alimpandisha mkewe kwenye lori la kwenda Lukafu, na kwa dereva wa lori akatuma neno kwa wazee wa kule: hata mashine ya Kampuni imethibitisha.

Nilizijua habari hizo siku kumi baadaye, Mumba aliporudi shuleni. Aliniambia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kuingia. "Madame, nilikwambia ile kintu." Basi. Hakusema lingine, akaenda zake kuchota maji ya kumeza dawa.

Niliingia chumbani, nikavua kile kitambaa cha maua, nikawasha mashine ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikabonyeza. Mama, mama, mama, halafu wa nne, wote wawili. Nikaizima. Nikangoja. Nikaiwasha. Mama, mama, mama, wote wawili. Nikaizima tena. Mara sita nilifanya hivyo, na mara sita watoto wale wanne walizaliwa kwa mpangilio uleule, kama wameandikwa katika kitabu cha ubatizo. Nilikaa nikasikia mzee Ilunga akitafuna karanga.

Sikilizeni sasa, hii ndiyo kazi. Mashine haina bahati yake yenyewe. Ina orodha ndefu sana ya namba zilizovurugwa, na ukiiomba bahati, inakusomea namba inayofuata. Ukiizima na kuiwasha, inaanza tena juu ya orodha. Usipoiambia ianzie mahali pengine, kila asubuhi itakupa bahati ya jana. Na prefe alikuwa akiniamuru niizime kila baada ya somo! Nilitamani sana kumtupia yeye lawama yote. Ningeifurahia. Lakini kosa lilikuwa langu, la mstari mmoja, mstari ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaujua.

Kulirekebisha kulinichukua robo saa. Niliiambia mashine, wakati inamsubiri mtu abonyeze, ihesabu mbio mbio kimyakimya. Kidole kikigusa, pale ilipofika hesabu ndipo ianzie orodha. Hakuna watu wawili wanaokawia sawasawa. Robo saa, baada ya nyumba ya watu kuvunjika. Ningepigwa viboko ningeona nafuu.

Nilikwenda Bel-Air siku hiyo hiyo kwa miguu, jua la alasiri machoni. Baba Mumba alikuwa uani akishona ndala kwa waya. Hakunikaribisha kukaa.

"Baba Mumba, nimekuja kukuambia kwamba mashine ilisema uongo. Na aliyeifundisha uongo ni mimi."

Nikamweleza. Kwanza kwa maneno ya kazi, akakunja uso. Kisha nikamwambia: ni kama karata ambazo hakuna aliyezichanganya, kila ukigawa, unapata zilezile. Hapo alielewa, maana alikuwa mchezaji. Waya ulisimama mkononi mwake.

"Weye ulijua hazichanganywe?"

"Sikujua. Mumba aliniambia, sikumsikiliza."

"Muke yangu amesha enda." Alisema polepole, kama mtu anayesoma. "Bantu ba Lukafu bamesha ambiwa. Na sasa unakuya kusema pardon?"

"Ninakuja kukuomba urudi uone."

Alinitukana. Matusi yenyewe sitayaandika, na aliingiza na Kasai nzima ndani yake. Nilisimama nikayapokea, maana yalikuwa yangu, isipokuwa ya Kasai. Siku ya tatu akaja shuleni bila kukumbushwa.

Prefe akauliza kama kuna wageni. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kazini kabla wala baada, kwamba akitaka anifukuze kesho, leo afungue. Akafungua.

Baba Mumba alibonyeza kwa zaidi ya saa moja. Aliizima mashine mwenyewe, akaiwasha mwenyewe, ili asidanganywe. Alijaribu kubonyeza haraka, akajaribu kwa kukawia, akajaribu na kidole kidogo. Kosa likatoka kwa mama, likatoka kwa baba, likakosekana kwa wote, likatoka kwa wote wawili. Kila lilipotoka kwa wote wawili, na mtoto kwenye kioo akawa mgonjwa, alisimama kidogo kabla ya kuendelea.

Mwishoni akasema: "Hata vile, uyu ni baba ya mu mashini. Mi niko muzima."

Alikuwa na haki! Nyinyi wa siku hizi mnadhani kioo kikionyesha kitu kimethibitika. Yule mtu wa tanuri alijua kwamba picha ya baba siyo baba. Nikamwambia: "Basi nenda hospitali, watazame damu yako."

Walimchoma kidole, wakaweka tone la damu katikati ya vioo viwili, wakaziba pembeni ili hewa isiingie, maana zikikosa hewa hata chembe za mwenye nakala moja ya kosa hujikunja, wakamwambia arudi kesho. Kesho yake muuguzi alimruhusu aangalie kwa hadubini. Aliniambia baadaye kwamba alizoea kuona shaba ikiiva, hawezi kutishwa na kitu chekundu. Lakini alipoona chembe zake mwenyewe, zilizotoka kidoleni mwake, zimejikunja kama mundu, aliomba aangalie mara ya pili. Nakala moja yenye kosa. Mzima kabisa, na amelibeba tangu kuzaliwa.

Alinijia kazini, kituo cha hesabu, amesimama kati ya wakuu wangu bila kofia.

"Citoyenne, siku ya mposho tunaenda Lukafu."

"Tunakwenda? Mimi tena nikafanye nini?"

"Weye njo ulisema bongo. Weye njo utasema kweli."

Mngekataaje? Nilikwenda juu ya lori, juu ya magunia ya chumvi, vumbi likitupaka wote rangi moja, na yeye amelala usingizi njia nzima kama mtoto huku mimi nikihesabu mashimo ya barabara. Mumba hatukumchukua, baridi ilikuwa imeanza. Na kadiri tulivyokaribia ndivyo jambo moja lilivyonikaba: kule hakuna kuran. Programu yangu ya miezi minane ilikuwa disketi ndani ya kopo la mchele, na nilikuwa ninakwenda kueleza DNA kwa mama mzee uani kwake.

Kambo Mwadi, mama mzaa mama, alikuwa ameketi peke yake kwenye mkeka. Peke yake kweli. Tangu lile neno la mashine lifike, jirani hawakuomba moto kwake tena, na watoto walizunguka nyumba yake kwa mbali. Mama Mumba alikuwa anatwanga muhogo. Alituona tukishuka, akaendelea kutwanga.

Baba Mumba alipiga magoti mbele ya mkwe wake. Mwanaume mkubwa vile, kwenye vumbi.

"Mama, nilikosea. Ile mashini ilikosea. Damu yangu nayo iko na ule ugonjwa. Balinionyesha."



"Mi nilikwambia na kinywa yangu, hukusikia," akasema Kambo Mwadi. "Mashini ikisema, unasikia. Sawa. Inuka, unachafua suruali."

Kisha akanigeukia mimi. "Na uyu njo mwenye mashini?"

Niliomba maharage. Meupe na mekundu, na vikombe viwili. Katika kila kikombe nikaweka haragwe jeupe moja na jekundu moja. Hiki kikombe ni baba, hiki ni mama. Jekundu ndilo lenye kosa. Funga macho, toa moja hapa, moja pale: ni mtoto. Mekundu mawili yakikutana, mtoto anaugua. Usisahau kurudisha.

Dakika tano! Kambo Mwadi alielewa kwa dakika tano. Alitikisa vikombe kabla ya kila kutoa, bila kuambiwa, mwanamke ambaye hajawahi kuona kompyuta. Alijua kwamba bahati lazima ichanganywe. Ningeweza kulia kwa hasira. Majirani walianza kusogea, kwanza wanawake, halafu na wazee waliopokea lile neno la lori. Baba Mumba akalisema kosa lake tena, mbele yao, kwa sauti. Nami nikasema langu.

Mchi ukanyamaza. Mama Mumba akasogea, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Mumba analala na nani usiku baridi hii?" akamwuliza mumewe.

"Peke yake. Nikienda kazi ya usiku, jirani anamuangalia."

"Nitakuya. Ju ya Mumba nitakuya." Akachukua mchi wake. "Ya weye na miye, tutaona."

Na waliona, pole pole, kwa miaka. Hiyo ni habari yao.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nakusanya vikombe, Kambo Mwadi akanishika mkono. Alitaka kuendelea. Akatikisa, akatoa. Jeupe na jekundu. Akatikisa, akatoa. Meupe mawili. Watu wakaanza kutawanyika, yeye anatikisa, anatoa. Yakatoka mekundu mawili. Akayaweka kwenye kiganja akayatazama.

"Uyu ni Kabwe," akasema.

Mama Mumba akanieleza kwa sauti ndogo: Kabwe alikuwa kaka yake, hakumkuta, alikufa kabla yeye hajazaliwa.

"Mikono ilivimba, na miguu," alisema yule mzee, si kwetu. "Macho ya manjano. Alilia siku tatu. Na nilisema ni Ngosa alimuloga."

Ngosa alikuwa mke mwenzake. Mume wao alikwisha kufa zamani. Nyumba ya Ngosa ilikuwa ng'ambo ya njia, karibu kiasi kwamba ungeweza kusikia sufuria ikifunikwa. Mama Mumba aliniambia kwamba tangu utoto wake hajawahi kusikia wanawake wale wawili wakisalimiana.

Kambo Mwadi akainuka. Baba Mumba akanyoosha mkono amsaidie, naye akausukuma. Alivuka njia yeye mwenyewe, polepole, maharage mawili mekundu yamefumbwa mkononi, akasimama mbele ya mlango ule.

"Hodi."

 Kutoka ndani, sauti ya kizee: "Ni nani?"

"Ni miye, Mwadi. Nimekuya kusema nilikusingizia."

  Sisi ng'ambo ya njia tukasikia kiti cha mgeni kikiburutwa kwenye udongo, kikija mlangoni.